Ukisimama mbele ya watu, uwe na neno la kuwapa

Msomaji, bila shaka umewahi kuketi kwenye kiti cha plastiki mkutanoni, saa saba imepita, chakula kinanukia upande wa jikoni, na aliyesimama mbele ndiyo kwanza anasema, "Hamjambo? Hamjambo tena?" Anamshukuru mwenyekiti, anaishukuru kamati, anawashukuru waliopika chai, anaomba radhi kwamba yeye si msemaji hodari, kisha anaahidi kuwa hatachukua muda mwingi. Aghalabu huyo ndiye huchukua muda mwingi kuliko wote.

Tunapenda kumcheka, lakini mtu huyo si mjinga. Huenda ni mhandisi, muuguzi mkuu au mwalimu aliyesoma hadi chuo kikuu, naye kazi yake anaijua barabara. Ujuzi anao. Ila alisimama kabla hajaamua anataka watu warudi nyumbani na neno gani.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye mkutano mkuu wa chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Nairobi. Mhasibu, kijana mtanashati mwenye tai, alikuwa na slaidi 32 za kuonyesha. Zilijaa majedwali ya tarakimu ndogo ndogo, hata waliokaa safu ya tatu kwenda nyuma waliona mistari tu. Naye aliwapa watu mgongo, akausomea ukuta. Katika slaidi ya ishirini na kitu mlikuwa na habari nzito: mikopo mingi haikuwa ikilipwa, na fedha za kukopesha zilikuwa zikipungua. Aliisoma habari hiyo kwa sauti ile ile aliyosomea gharama za chai na vitabu vya risiti. Wanachama, wakiwa wamechoka na njaa inawauma, wakainua mikono kupitisha gawio nono, wakaenda kula. Mwaka uliofuata, mzazi aliyeomba mkopo wa karo mwezi wa Januari aliupata Aprili, mtoto akiwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara mbili.

Mhasibu yule hakuficha kitu. Yote yalikuwa pale ukutani. Lakini laiti angalianza kwa kusema, "Wenzangu, tukigawana faida yote leo, mwaka ujao hatutakuwa na pesa za kukopeshana," nina hakika hata mzee aliyekuwa akisinzia kando yangu angalifumbua macho. Tarakimu zingalifuata baadaye, tena nne au tano zingalitosha.

Jambo hili si geni. Tarehe 19 Novemba 1863, kule Gettysburg nchini Marekani, watu walikusanyika kuyaweka wakfu makaburi ya askari waliouawa vitani. Mzungumzaji mkuu alikuwa Edward Everett, msomi aliyesifika nchi nzima kwa ufasaha, naye alizungumza kwa muda wa kama saa mbili. Kisha akasimama Rais Abraham Lincoln, akasema maneno yasiyofika 300, akaketi. Dakika mbili hivi zilimtosha. Kesho yake Everett mwenyewe alimwandikia barua ya pongezi, akisema angefurahi kama katika saa zake mbili angekuwa amekikaribia kiini cha shughuli ile jinsi Rais alivyokikaribia kwa dakika mbili. Na msidhani Lincoln alibuni maneno papo hapo. Alikuja na hotuba yake imeandikwa. Hotuba fupi huhitaji kutayarishwa, pengine kuliko ndefu.

Na hapa kwetu tulikuwa na Profesa Wangari Maathai. Huyu alikuwa mwanasayansi aliyefundisha anatomia ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na kama angetaka, angewamwagia watu takwimu za misitu hadi jioni. Lakini alipopokea Tuzo ya Amani ya Nobel jijini Oslo tarehe 10 Desemba 2004, aliimalizia hotuba yake kwa kijito cha karibu na kwao, alikokuwa akienda kuteka maji utotoni. Alieleza alivyocheza na mayai ya vyura akidhani ni shanga, na jinsi baadaye alivyowaona viluwiluwi wakijipindapinda majini. Kisha akasema kijito hicho kimekauka. Hata msikilizaji ambaye hajawahi kukanyaga Afrika aliweza kuelewa kilichopotea.

Basi ukiambiwa Ijumaa kwamba Jumatano utawaeleza wakubwa wa kampuni kuhusu mradi wenu, usiikimbilie kompyuta. Chukua kipande cha karatasi ujiulize: wakitoka humo chumbani, ninataka wafanye nini? Andika jibu kwa sentensi moja. Ikikushinda, hujawa tayari, hata uwe na slaidi mia. Ukiipata, iseme mapema, iunge mkono kwa mfano mmoja ambao watu watauona akilini, halafu uirudie ukikaribia kuketi. Mengine yaache kwenye ripoti, atakayeyataka atayasoma.

Muda nao upimwe kwa saa. Ukurasa uliojaa maandishi huchukua kama dakika nne kusomwa kwa sauti bila kukimbia. Aliyepewa dakika kumi akaja na kurasa sita amekuja kula muda wa wenzake.

Kuhusu slaidi sina mengi. Herufi ziwe kubwa, maneno yawe machache, na uso wako uwaelekee watu. Isitoshe, tunaijua stima yetu. Ikipotea katikati, anayelijua neno lake huendelea kuzungumza. Asiyelijua husimama akimtafuta fundi kwa macho.

Lakini wengi wataniambia, "Hayo yote nayafahamu, ila nikisimama tu moyo hudunda, kinywa hukauka, na magoti hucheza." Hiyo ni kazi ya adrenalini, kemikali ambayo mwili huimwaga damuni unapohisi hatari. Mwili hautofautishi sana kati ya simba na meza ya wakurugenzi. Hata wazoefu hutetemeka. Fika mapema, uzoee chumba na uwasalimu watu wawili watatu, ili usianze kwa kuwatazama wageni watupu. Kabla ya kusimama, vuta pumzi polepole na uitoe polepole zaidi. Kisha sentensi ya kwanza iwe umeikariri kabisa, kwa sababu ndiyo hutoka ulimi ukiwa mzito. Usikariri hotuba nzima, maana neno moja likiponyoka, yote yatafuata.

Dawa kubwa zaidi ni mazoezi, na mazoezi ni ya sauti. Kusoma kimoyomoyo ndani ya matatu hakutoshi. Kuna vilabu vya Toastmasters, vilivyoanzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924, ambavyo hapa Nairobi pia vipo. Wanachama wake husimama kwa zamu na kuzungumza, huku mmoja akishika saa na kuonyesha alama ya kijani, ya manjano, kisha nyekundu muda unapokwisha. Mwingine huhesabu kila "aa" na "mm" inayomtoka mzungumzaji.

Huna haja ya kungoja klabu. Jumanne usiku baada ya chakula, zima televisheni, simama sebuleni. Mwanao aliye Gredi ya 6 ashike saa. Mdogo wake ahesabu "yaani" zako, na ninakuonya kwamba hatakuhurumia. Mwenzio asiyefanya kazi ofisini kwenu ndiye hakimu bora. Ukimaliza, usimwulize kama ulizungumza vizuri. Mwulize, "Umesikia nikisema nini?" Akikujibu kitu kingine kabisa, bado una usiku mmoja wa kurekebisha.

Watoto nao wapewe zamu. Katika mtaala wa umilisi, mawasiliano ni mojawapo ya stadi za kimsingi, lakini darasa lenye wanafunzi wengi huwapa wachache nafasi ya kusimama. Kijana akizoea kumweleza babake, dakika tatu tu, kwa nini anataka kujiunga na klabu ya drama, siku ya mahojiano ya kazi hatatafuna kucha.

Neno kuhusu lugha. Ofisini tumezoea Kiingereza kilichojaa maneno makubwa, na wengi wetu hujificha humo. Afisa wa kilimo akiwaendea wakulima na lugha ile ile ya ripoti, wazee watampigia makofi kwa adabu na kurudi mashambani kupanda walivyopanda mwaka jana.

Mwisho huja maswali, na hapo ndipo wengi huharibu kazi nzuri. Msikilize mwulizaji hadi amalize, hata kama ni yule ambaye swali lake ni hotuba. Lirudie swali kwa ufupi ili walioketi nyuma walisikie. Nawe utapata nafasi ya kuvuta pumzi. Ukiulizwa usilolijua, usizungushe maneno. Sema, "Hilo sina jibu lake sasa, mama. Nitakuletea kabla ya Jumatatu." Liandike mbele yao, na Jumatatu upeleke jibu.