Fishi ya Vizazi Vitatu

Muuguzi wa Musonoi, mkoani Lualaba, anayeletewa mvulana wa miaka minne, anayeanguka ovyo na kuinuka kwa kujishika mapaja, hana kifaa cha kupima vinasaba. Ana fishi, yaani kadi ya mgonjwa, na kalamu. Makala haya yanasema kazi inaweza kuanzia hapo, mradi ajue la kuuliza.

Kwanza aulize habari za wajomba. Ugonjwa wa misuli wa Duchenne hubebwa na mama, mara nyingi mwenyewe haugui, ukawapata wanawe wa kiume. Mjomba aliyeacha kutembea utotoni ni ushahidi mzito, ingawa kumkosa hakuondoi ugonjwa. Ugonjwa wa ubongo alioueleza George Huntington mwaka 1872 una njia nyingine: baba au mama akiwa nao, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Kwa kawaida huanza kati ya miaka 30 na 50, watoto wakiwa wamekwisha kuzaliwa.

Hata hivyo, jamaa hawashiriki damu tu. Konzo, ulemavu wa ghafla wa miguu ambao daktari Trolli aliuandika kutoka Kwango, Kongo, mwaka 1938, hutokana na mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, na huweza kuwapata watoto kadhaa wa nyumba moja. Vumbi la manganizi, madini yaliyochimbwa Kisenge, humu humu Lualaba, laweza kuleta ukakamavu unaofanana na ugonjwa wa Parkinson. Utafiti wa Lubumbashi uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta uhusiano kati ya kazi ya baba migodini na kasoro za kuzaliwa. Tukiuliza ukoo tukaacha kazi na chakula, tutaita urithi kisicho urithi.

Tunapendekeza vizazi vitatu katika fishi moja: nani aliugua, akiwa na umri gani, alifanya kazi gani, alikufaje. Ndugu wa tumbo moja waandikwe kando na watoto wa baba mdogo. Migodi ilizileta familia nyingi kutoka mbali. Kwa hiyo nkambo, yaani babu au bibi, aliyebaki kijijini apigiwe simu. Maswali yaulizwe faraghani, mama asije akalaumiwa na wakwe, wala mtoto mwenye kifafa akaitwa mchawi.

Fishi haiponyi Duchenne. Humfikisha mtoto mapema kwa daktari wa hospitali ya Mwangeji au wa Lubumbashi, na humpa mama ukweli kabla ya mimba nyingine. Wakuu wa vituo vya afya, ongezeni ukurasa wa vizazi vitatu kwenye fishi sasa. Wauguzi, uandikeni kwa penseli leo, hata kabla haujachapwa.