Ujiji si ya wazungu wawili tu

Mhariri,

Jumamosi iliyopita tulikodi Kosta, wengine kutoka Kibondo na sisi wa Kasulu, tukateremka hadi Ujiji kuuona mnara wa Livingstone. Jiwe lenyewe ni la kijivu, limechongwa ramani ya Afrika yenye msalaba. Kando yake ipo miembe, ambayo husemwa ni vizazi vya ule ambao chini yake Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Mama mmoja wa Kibondo aliokota embe bichi, akaulizia chumvi.

Kilichonikera ni maelezo ya kijana aliyetuongoza, tuliyepewa na wakala wa safari. Muda wote ni Stanley na Livingstone, tena kwa maneno ya kukariri. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, hakuwataja hata mara moja! Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley kabla hajaonana na bwana wake. Na Livingstone alipofariki mwaka 1873, huko iliko Zambia ya leo, wawili hao na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Ujiji kwenda pwani, nayo, ilipewa sentensi moja.

Nilipouliza, nikajibiwa, "Hayo hayamo, mzee." Hayamo wapi?

Nawaomba wanaoandaa safari hizi wawafunze vijana wao habari yote. Sisi nauli tumelipa ya kwenda na kurudi, hadithi tumepewa nusu.

Msomaji wako,
Kasulu, Kigoma