Mkebe ni wako, filamu si yako: wacheni zitolewe tena

Kuna jamaa yangu tuliyesoma naye shule ya upili, siku hizi anafanya kazi za usiku Uingereza. Kila mwisho wa mwezi ananitumia picha ya mkebe. Usidhani ni mkebe wa biskuti. Ni mkebe wa filamu: diski moja au mbili za 4K ndani ya kasha la chuma lililochorwa vizuri hadi unataka kulitundika ukutani. Nusu ya mikebe hiyo hajawahi kuifungua. Bado imevaa nailoni vile ilitoka kiwandani.

Juzi akanipigia akiwa amefura. Filamu aliyonunua kwa mlanguzi, bei mara nne ya ile ya dukani, imetangazwa kutoka tena. Mkebe uleule, mchoro uleule. "Manze, wameniibia," akasema. Nikamuuliza wameiba nini. Mkebe bado uko kwa rafu? Uko. Diski iko ndani? Iko. Sasa kilichopotea ni nini? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haitakuwa adimu tena."

Kumbe kitu alichokuwa amenunua ni kukosa kwa wengine.

Kwa wale hawajui huu ulimwengu, wacha niwaeleze haraka. SteelBook ni alama ya biashara ya Scanavo, kampuni ya Denmark inayotengeneza haya makasha ya chuma. Studio za filamu hutoa toleo la plastiki la kawaida, halafu zinatoa la chuma kwa idadi ndogo, mara nyingi kwa duka moja tu. Kwa miaka mingi kule Marekani duka hilo lilikuwa Best Buy, hadi walipoacha kuuza diski mwaka 2024. Uingereza, Zavvi walijijengea jina kwa mchezo huohuo. Korea Kusini nao wakapeleka mambo mbali zaidi: kampuni ndogo kama Plain Archive na Nova Media zinaufunika mkebe kwa koti la karatasi ngumu, picha inayobadilika ukiiinamisha, kadi, kijitabu, na nambari ya nakala yako. Ukikosa siku ya oda, unaenda kwa walanguzi, na walanguzi hawana huruma.

Sasa kila toleo la zamani linapotangazwa tena, wakusanyaji wanagawanyika. Upande mmoja unasema: mliniambia ni idadi maalum, nikalipa kwa sababu hiyo, heshimuni neno lenu. Upande mwingine unasema: mimi nilikuwa darasa la saba hiyo filamu ikitoka, kosa langu ni nini? Nimewasikiliza wote, na ukweli ni kwamba hakuna upande ulio na wajinga watupu.

Chukua Fright Night, ile filamu ya 1985 ya kijana anayegundua jirani yake ni mnyonya damu. Kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Twilight Time ilikuwa na mtindo wake: inakodi haki za filamu kutoka studio kubwa, inatoa nakala 3,000 kwa takriban dola 30 kila moja, zikiisha zimeisha. Fright Night ikatoka hivyo mwaka 2011. Zikaisha. Bei kwa walanguzi ikapita dola 100. Halafu mwaka 2015 kampuni hiyohiyo ikaitoa tena, nakala 5,000, ikaiita toleo la miaka 30, na safari hii ikaongeza vitu ambavyo toleo la kwanza halikuwa navyo. Waliokuwa wamelipa bei ya mlanguzi walilia kweli kweli. Twilight Time ilifunga duka mwaka 2020. Mwaka 2022 Sony wenyewe wakaitoa filamu hiyo kwa 4K, tena ndani ya mkebe wa chuma. Kwa hivyo aliyekimbilia nakala ya dola 100 akidhani ameshika dhahabu, leo ameshika diski yenye picha hafifu kuliko ile anayopata mtu aliyengoja tu.

Na angalia nani hasa alikula ile pesa ya juu. Wasanii hawakuiona. Kampuni haikuiona pia. Ilimwendea mtu aliyenunua nakala tano siku ya kwanza akaziweka chini ya kitanda. Mtu akiniambia toleo la pili "linaharibu soko", huwa nauliza: soko la nani?

Lakini nisiwe mkali bila kujua ninachosema. Uhaba mwingine haupangwi na mtu. The Third Man, filamu ya Carol Reed ya 1949, ilitolewa kwa Blu-ray na Criterion mwaka 2008. Mwaka 2010 haki zikaisha, ikabidi waache kuitengeneza. Hapo bei ikapanda yenyewe, bila mtu kuahidi chochote kuhusu idadi. Na kuna uhaba wa kupangwa kabisa. Disney waliufanya sera. Snow White ya 1937 ilirudishwa kumbi za sinema mwaka 1944, wakagundua kila kizazi cha watoto ni wateja wapya. Enzi za kanda na DVD zilipofika wakaendelea vivyo hivyo: filamu inatoka kwa muda, inafungiwa kabatini miaka kadhaa, mzazi anaambiwa anunue sasa au angoje. Hiyo mimi naiita kuwashika watoto mateka, samahani kwa mashabiki.

Wacha niwaambie kwa nini hii kitu inanigusa, maana najua kuna mtu anajiuliza kijana wa Eastlands anahusika vipi na mikebe ya Korea.

Nilipotoka chuo mwaka wa pili, karo imekataa, kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa kwa duka la muvi Kayole. Kazi yangu ilikuwa kuchoma. Diski tupu inaingia, dakika kumi inatoka na filamu, naandika jina na kalamu ya wino mweusi, naitia kwa kimfuko cha nailoni na kava iliyochapishwa saiba. Hamsini bob. Wakati mwingine mwigizaji wa kava hakuwa hata ndani ya filamu. Zile zilizotafsiriwa na DJ Afro zilikuwa zinaenda kama mandazi ya asubuhi. Kwa hilo duka hakuna siku nilimwambia mteja "imeisha". Ikiisha, kaa hapo kwa benchi, nachoma ingine.

Nakiri, ule ulikuwa wizi. Aliyetengeneza filamu hakupata hata shilingi. Siutetei. Lakini kitu kimoja kilinikaa akilini: makanga, mama mboga na mwanafunzi wa sekondari wote walikuwa wanapata filamu ileile, na hakuna aliyefurahia zaidi kwa sababu mwingine ameikosa. Kinyume chake, raha ilikuwa kesho yake stejini, kila mtu anasimulia ile sehemu ya mwisho.

Miaka ikapita, jamaa mmoja aliyekuwa akisoma ng'ambo akarudi na sanduku halisi la Criterion, lile la kwanza la mradi wa sinema za dunia ulioanzishwa na Martin Scorsese, la mwaka 2013. Ndani kulikuwa na filamu sita, moja ikiwa Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya Senegal, ya 1973. Tukaitazama kwake, watu saba kwa kochi la watu watatu. Sikuwa nimewahi kuona Afrika ikipigwa picha namna ile: pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele, vijana wawili wanaota kwenda Paris. Nikasoma kijitabu chote usiku huo. Nilielewa kwa nini watu wanapenda sanduku zuri, na tangu siku hiyo siwacheki tena wanaopapasa mikebe. Karatasi nzuri, picha safi na maandishi ya mtu aliyefanya utafiti vina thamani yake.

Sasa fikiria sanduku hilo lingekuwa la nakala 1,000 na mtu wa 1,001 aambiwe pole. Filamu ya Mwafrika, iliyokarabatiwa kwa jasho, iwe kwa rafu za watu elfu moja ambao nusu yao hawajatoa nailoni. Ndiyo maana nasema mjadala huu si wa watu wenye pesa za kuchezea peke yao.

Na usiniambie nitatazama mtandaoni. Willow, ile mfululizo, iliingia Disney+ mwishoni mwa 2022. Mei 2023 ikaondolewa, hata mwaka haujaisha. Netflix nao walifunga huduma yao ya kutuma DVD kwa posta Septemba 2023. Huko mtandaoni unakodi tu, na mwenye nyumba anabadilisha kufuli akitaka. Diski ndiyo njia iliyobaki ya kushika filamu mkononi, na hiyo diski ikiwa ndani ya mkebe wa idadi maalum pekee, basi tumerudi kulekule kabatini kwa Disney. Tena Disney wenyewe: mwishoni mwa 2023 walipoanza kutoa Loki, WandaVision na The Mandalorian kwa diski, walizitoa kwa mikebe ya chuma. Toleo la plastiki la mtu wa kawaida halikuwepo siku hiyo. Ukitaka kutazama, lazima ununue urembo.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mniambie kama nimepotoka. Kampuni ikiandika nambari kwa sanduku, 1 hadi 3,000, basi sanduku lile lisitengenezwe tena kamwe. Mchoro ule, kadi zile, nambari ile. Hiyo ni ahadi, na kuivunja ni ukora hata kama sheria haisemi kitu. Hapo niko na jamaa yangu wa Uingereza kabisa. Lakini ahadi hiyo ni ya sanduku. Filamu iliyo ndani haikuahidiwa mtu. Arrow Video wa Uingereza walishaonyesha inawezekana: kwanza linatoka sanduku lenye kitabu na bango, na likiisha, baadaye linakuja toleo la kawaida, diski ileile, bei ya chini, bila mapambo. Mwenye sanduku bado ana sanduku lake. Mwenye haraka ya kutazama anatazama. Anayeumia ni mlanguzi peke yake, naye nitamwombea.

Na ile mikebe isiyo na nambari, imeandikwa tu "toleo maalum" kwa kibandiko? Hapo hujaahidiwa chochote. Neno "maalum" linauza hata sabuni. Itolewe tena kesho, itolewe mara kumi.

Najua wenye kampuni ndogo wana jibu. Wanasema idadi maalum ndiyo inayowafanya watu walipe mapema, na bila hizo pesa za mapema hakuna atakayekarabati filamu ya zamani. Nawaelewa. Kukodi haki kuna gharama, kusafisha picha kuna gharama, na ukichapisha nakala elfu kumi ukauza mia tisa, umekwisha. Basi anza na mkebe wa nambari, walipe wenye hamu. Lakini andika tangu siku ya kwanza kwamba toleo la kawaida litafuata, ili mtu ajue analipia chuma na karatasi. Kinachowachoma wakusanyaji wengi ni kufichwa. Jamaa yangu angeambiwa mapema asingempelekea mlanguzi mshahara wa usiku nne.

Nilimwambia hayo yote kwa simu. Akasema nina maneno mengi kwa mtu ambaye hana hata mkebe mmoja. Ni kweli, sina. Bei ya mmoja pamoja na kuuleta Nairobi inakaribia kodi yangu ya nyumba.

Mwishowe nikamuuliza hiyo filamu yenyewe aliionaje. Hajaitazama, akasema. Akiifungua itashuka bei. Nikamkumbusha bei tayari imeshuka. Kukawa kimya, halafu nikasikia nailoni ikichanika.