NENO LA WAFARANSA NA MTU ALIYE LANGONI



Wapo kati yetu wanaoona haya kulitamka neno mgomo mbele ya tajiri, kana kwamba ni tusi. Na wapo wengine, tena hodari wa kugoma, wasiotaka hata kumtazama kibarua asimamaye langoni asubuhi akingoja kuitwa. Kwa wote hao tuna habari ya neno moja.

Wafaransa mgomo huuita grève. Asili yake si ugomvi wala siasa. Maana yake ya kwanza ni ufuko wa mchanga na kokoto. Katika mji wa Paris, ukingoni mwa mto Seine, palikuwa na ufuko wa namna hiyo, ambapo mashua zilipakua kuni, ngano na mvinyo. Uwanja wa hapo ukaitwa Place de Grève. (Ndipo pia walipouawa wahalifu hadharani, mwaka 1792 mashine ya kukata vichwa ilianza kazi hapo hapo.) Penye mizigo watu hufika. Mafundi na wachukuzi wakazoea kusimama pale wakingoja mwenye kazi awachague. Mtu wa grève alikuwa mtu asiye na kazi, naye aitafuta.

Katika karne ya 19 neno likageuka, likawa ni kuacha kazi kwa shauri moja ili kudai ujira. Kufanya hivyo kulikuwa kosa la jinai mpaka sheria ya 1864. Uwanja wenyewe ulikwisha badilishwa jina tangu 1803, lakini neno halikufa.

Kwetu sisi jambo kubwa ni hili: neno moja lilitosha kwa asiye na kazi na kwa aliyeiacha. Sisi tumewatenga. Kibarua twamwita msaliti siku tajiri anapomwita ashike nafasi zetu. Siku nyingine zote hatumwiti kitu. Tumempa nini hata amkatalie tajiri kwa ajili yetu? Mkutanoni haalikwi, kadi hana, na nyongeza tukiipata haimfikii.

Haki ya kugoma imo katika Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 41, nayo ni ya kila mfanya kazi. Basi twataka halmashauri ya tawi iwaandikishe vibarua, kwa kiingilio wanachokiweza, tena ianzie langoni kabla ya saa moja asubuhi, maana baada ya hapo walioachwa huwa wamekwisha kutawanyika.