Bao la Kujifunza Halikupunguzwa Mashimo

Mwanagenzi wa kutunga michezo ya kompyuta, awe wa Kibiti mjini au wa Nyamisati zinakoondokea boti za Mafia, hukutana na makundi mawili ya washauri. La kwanza humwambia aanze kidogo: atunge mpira unaodunda, kisha nyoka anayekula na kurefuka, kisha ndege anayepenya kati ya mabomba; mengine yatafuata. La pili humwambia kwamba mwenye ndoto ndogo hufa na jina dogo, basi na aanze na kazi itakayoshindana na za Wajapani na Wamarekani. Yote mawili yamekosea, na kosa la lile la kwanza ni baya zaidi kwa sababu linafanana mno na busara.

Busara yenyewe ipo barazani, wala haina haja ya kuagizwa. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Mchezo kamili huanza kwa namua: kila mchezaji hupanga kete 10 tu, sita kati yake zikiwa nyumbani, na 22 hubaki mkononi, akizitia moja moja. Ni hatua inayoweza kumchosha mtu mzima kabla hajaielewa. Kwa hiyo mwanagenzi aliwekewa bao la kujifunza. Humo hamna namua wala nyumba. Kete zote 64 hutandazwa mbili mbili tangu mwanzo, na mapambano yakaanza papo hapo. Lakini ubao ni ule ule. Mtaji upo, kutakata kupo, na kuwaza mbele ya mkono wa mwenzio kupo. Kilichopunguzwa ni sheria; ulimwengu wa mchezo umeachwa mzima. (Na anayedhani kwamba bao hilo ni la watoto tu, na akae mbele ya mjukuu wake.)

Washauri wa udogo hufanya kinyume. Huondoa ulimwengu wakabakisha sheria za kuazima. Anayemaliza mipira na nyoka kumi amejifunza kuandika programu, jambo ambalo si haba, ila hajatunga mchezo hata mmoja, kwa kuwa hakuna hata mara moja alipolazimika kuamua ni kipi katika maisha ayajuayo kinafaa kuwa kanuni. Yule ndege wa mabomba, Flappy Bird, alitungwa na Dong Nguyen wa Vietnam mwaka 2013, na mwenyewe akamwondoa sokoni Februari 2014. Walionakili walikuwa chungu nzima. Nani anayakumbuka majina yao?

Washauri wa ukubwa nao hupeperusha bendera ya Aurion, mchezo wa Kiro'o Games ya Kameruni. Hawasemi kwamba wazo lake lilizaliwa mwaka 2003 na mchezo ukatoka 2016. Miaka 13! Nani atamlisha kijana wa Kibiti muda wote huo? Karibu na nyumbani yupo Mkenya Wesley Kirinya, aliyetoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, kazi ya kuthubutu kwelikweli. Naye baada ya hapo aligeukia michezo ya simu, akishirikiana na Mghana Eyram Tawia.

Delta ya Rufiji ina kishawishi chake cha ukubwa. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta, katikati ya mikoko. Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, kwa kuwa kina hakikutosha. Zikaletwa Severn na Mersey, vyombo vya mtoni vyenye kina kifupi, vilivyokuwa vimeundwa kwa ajili ya Brazil. Shambulio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. La tarehe 11 likaimaliza. Kijana gani hatatamani kutunga vita hivyo vyote, kwa meli, mizinga na ndege za upelelezi? Atatumia miaka mitatu, na mwishoni atakuwa na picha nzuri ya meli isiyokwenda.

Na achukue badala yake dungu moja. Mpunga unakaribia kuiva kando ya mkono wa mto. Mlinzi yuko juu ya dungu akiamia ndege mchana, na usiku nguruwe huja. Kanuni ni moja: hawezi kuwa pembe mbili za shamba kwa wakati mmoja. Maji hujaa na kupwa. Mtunzi mmoja aliye na kompyuta moja anaweza kuimaliza kazi hiyo, na atakayeicheza Mbwera atajua mara moja kama mtunzi amewahi kulala dunguni au amesimuliwa tu. Baadaye ataongeza kanuni ya pili, mafuriko, kama yale ya Aprili 2024 yaliyoyafunika mashamba ya Rufiji na Kibiti; hapo mchezaji ataamua avune mpunga ungali mbichi au angoje. Meli ya Wajerumani imelala muda mrefu, haitakimbia.