Chuo kinafunguliwa, mnada bado: Nani analipia chumba cha mwanachuo Newala na Masasi?

Kila mwaka kati ya Septemba na Oktoba, fomu za kujiunga na vyuo hufika katika nyumba nyingi za Newala na Masasi, mkoani Mtwara. Ukurasa wa kwanza huwa na pongezi na ada. Kurasa zinazofuata zina orodha ambayo wazazi huisoma mara mbili mbili: godoro, shuka jozi mbili, blanketi, chandarua, ndoo mbili, beseni, sanduku na kufuli lake.

Kwa familia yenye mshahara, orodha hiyo ni ya kumaliza kwa jioni moja dukani. Kwa familia ya mkulima wa korosho ni hesabu ngumu, kwa sababu inakuja mwezi ambao fedha ya korosho bado haijaingia.

Kalenda mbili zisizokutana

Mauzo ya korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza mwaka 2007, hufanyika kwa minada. Mkulima hupeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS, kisha chama kikuu huziingiza mnadani. Masasi inahudumiwa na MAMCU, Newala na Tandahimba na TANECU. Minada ya kwanza huanza Oktoba, na mkulima hulipwa kupitia benki baada ya mnunuzi kukamilisha malipo.

Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayetakiwa kuripoti chuoni mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba anaondoka nyumbani kabla ya fedha kuingia. Hapo ndipo kangomba inapopata mlango. Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, mara nyingi huko huko shambani, kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya chini. Serikali imeipiga marufuku kwa miaka mingi, lakini mtu mwenye fedha mkononi hakosi wateja katika mwezi wa shida.

Tuchukue mfano. Mzazi akiuza kilo 100 kwa bei iliyo pungufu kwa shilingi 1,500 kuliko ya mnada, amepoteza shilingi 150,000. Oktoba 2024, mnada wa kwanza wa TANECU ulivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Aliyeuza wiki chache kabla kwa nusu ya bei hiyo alinunua godoro moja kwa thamani ya mawili.

Hata mwaka ambao mkulima anasubiri mnada, hana uhakika. Novemba 2018 serikali iliamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo baada ya kutoridhika na bei za wafanyabiashara. Uhakiki wa wakulima ukachukua muda, na baadhi walisubiri malipo yao hadi mwaka 2019.

Je, mkopo hausaidii?

Unasaidia, lakini kwa baadhi tu, na kwa kuchelewa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kukopesha ngazi ya stashahada mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele kama afya na ualimu wa sayansi na hisabati. Fani hizo zinagusa moja kwa moja vyuo vya huku, kama Chuo cha Ualimu Kitangali wilayani Newala, au vyuo vya afya vya Masasi na Ndanda.

Kwa upande wa vyuo vikuu, posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, baada ya kupandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022/23. Hata hivyo, bumu haliji kabla mwanafunzi hajafika chuoni na kukamilisha usajili. Usiku wa kwanza chuoni analalia alichokuja nacho. Aliyeingia astashahada au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi hana hata hilo la kusubiri.

Orodha moja, mazingira mawili

Kuna jambo ambalo fomu nyingi hazisemi: mahitaji ya chumba cha Newala si yale ya Masasi, ingawa miji hii ni jirani. Newala imekaa juu kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde. Juni na Julai usiku ni wa baridi na upepo, na blanketi huko si pambo. Masasi ipo chini, katikati ya milima yake ya mawe, na Oktoba na Novemba joto lake hunyima usingizi. Aliyepangiwa Masasi atafaidika zaidi na kitanda cha karibu na dirisha kuliko blanketi zito.

Tofauti kubwa zaidi ni maji. Udongo wa uwanda wa Makonde hunywesha mvua chini haraka, na vyanzo vingi viko mabondeni. Mradi wa maji wa Makonde, wenye historia inayorudi miaka ya 1950, husukuma maji kutoka bonde la Mitema kupanda juu, na pampu au umeme ukisumbua, mji mzima huhisi. Makonde imo katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo kutoka India.

Msimu wa mvua hapa ni mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa hiyo chuo kinafunguliwa wakati matangi ya maji ya mvua yamekauka. Chumba cha wanafunzi wanne, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, kinahitaji madumu manne ya lita 20 kila siku. Ndiyo maana mwenyeji wa Newala atakwambia ununue dumu lenye mfuniko kabla ya pazia.

Vitu visivyofaa kupunguzwa

Fedha ikiwa haitoshi, cha kwanza kulindwa ni chandarua. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, karibu mtoto mmoja kati ya watano wa chini ya miaka mitano mkoani Mtwara alikutwa na malaria, wakati wastani wa nchi ulikuwa takriban asilimia 8. Kabla ya kununua, uliza chuoni kama vitanda ni vya ghorofa. Chandarua cha duara kinachoning'inizwa darini hakimsaidii anayelala kitanda cha chini.

Cha pili ni taa ndogo ya sola. Umeme ukikatika usiku, wengi hukimbilia mshumaa. Mwaka 1994 moto katika bweni la Shule ya Sekondari Shauritanga, Kilimanjaro, uliua wasichana wapatao 40. Magodoro ya sponji hushika moto haraka na moshi wake huua kabla ya miali kufika. Kwa sababu hiyo hiyo, hita ya maji na jiko la umeme kwenye ekstensheni moja ni hatari, hata pale ambapo msimamizi wa bweni hajaona.

Godoro lenyewe linaweza kusubiri ubora. Vitanda vingi vya mabweni ni vya futi mbili na nusu kwa sita, na la inchi nne linatosha kuanzia. Anayepanga chumba mtaani ana mzigo mwingine: wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na hapo ndipo wawili au watatu huungana chumba kimoja.

Kinachoweza kubadilika

Kalenda ya korosho haiwezi kusogezwa, kwani mkorosho hauzai kwa kufuata fomu ya chuo. Lakini vyuo vinaweza kugawa orodha mara mbili: vya kuja navyo siku ya kwanza, na vya kuletwa baada ya likizo ya Desemba, wakati wazazi wengi wameshalipwa. Vinaweza pia kusimamia wanaohitimu wawaachie wanaoingia magodoro, ndoo na masanduku kwa bei ya maelewano, badala ya kila mwaka vitu hivyo kupakiwa kwenye basi.

AMCOS nazo zina nafasi. Mwanachama anayeweka akiba kidogo kutoka kila malipo ya msimu, ikafunguliwa Agosti inayofuata, hatahitaji bakuli la kangomba. Msimu huu wa usajili, swali la kumuuliza kiongozi wa chama chako ni kama utaratibu huo upo, na kama haupo, unaweza kuanza kwa malipo ya mnada ujao.