MACHO MEKUNDU HAYATOSHI



Kijana wa hapa kijijini akianza kuvuta bangi tunasema ujana, utamwisha. Akishindwa kwenda shambani tunasema kalogwa. Akiiba kuku tunaita mgambo. Katika hayo yote hakuna siku tuliyosema huyu ni mgonjwa, bangi imemnasa. Sisi wa gazeti hili la ukutani tumo katika lawama hiyo, hatujitoi.

Wengi mnatazama macho. Macho mekundu hayasemi kitu kikubwa. Vijana wetu wanaokwenda Musoma kuvua dagaa wakati wa giza la mwezi wanarudi asubuhi macho kama pilipili kwa kukesha, na wapo waliosingiziwa hapa hapa mbele ya baba zao. Huo ni uonevu.

Dalili yenyewe iko kwenye kazi na kwenye kuacha. Zamani msokoto mmoja ulimtosha jioni, sasa bila kuvuta asubuhi hashiki jembe. Alikuwa golikipa, sasa hata akiitwa haendi. Pesa ya pamba inaisha kabla haijafika nyumbani. Baiskeli eti kaazima mtu, jembe eti limepotea. Ukimuuliza anasema naacha kesho, na kesho yake hivyo hivyo.

Na siku akiacha kweli ndipo mtajua. Usingizi haupati, chakula kinamshinda, usiku anatoka jasho, anagombana na mama yake kwa neno dogo. Hali hii huanza siku ya kwanza au ya pili, huwa kali katika wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua baada ya wiki 2 hivi. Sasa mama akiona hayo anakimbilia kwa mganga na mbuzi. Wiki 2 zikipita kijana anatulia, mganga anasifiwa kijiji kizima! Mwezi haujaisha kijana karudi kijiweni, na mbuzi kashaliwa.

Kuna wazee wanaosema bangi inatia nguvu za jembe. Shikamooni wazee wetu, lakini hapa tutabishana. Twendeni shambani tukahesabu matuta. Mvutaji anaanza kwa moto, saa nne yuko chini ya mwembe, na akirudi hakumbuki alipoishia.

Wengine wanasema ni majani tu, hayazoeleki. Wataalamu wamekadiria kwamba kati ya wavutaji 10 hunaswa kama 1, na kwa wanaoanza wakiwa bado wadogo ni kama 1 kati ya 6. Kwa hiyo si kila mvutaji kanaswa, tusiwatie wote kapu moja. Lakini pale njia panda ya kwenda Bunda tunaona watoto wa darasa la sita wamekaa na wakubwa. Nani kawafukuza? Hakuna.

Akianza kusikia sauti ambazo wengine hamzisikii, au kudhani ndugu zake wanataka kumuua, msingoje hata siku moja, na msimpige. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Serikali inafanya yake. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba ya bangi Tarime, majirani zetu hapa hapa Mara. Vizuri. Lakini panga linafyeka mmea, halimtibu mtu. Tena tusiwacheke Watarime, maana mashina yaliyofichwa katikati ya mihogo hapa kwetu Butiama tunayajua, na wenyewe wanasoma gazeti hili sasa hivi.

Msidanganywe na wauza dawa za mnadani. Kidonge kilichothibitishwa cha kuondoa hamu ya bangi bado hakuna. Kinachosaidia ni kuzungumza na mshauri aliyefunzwa, mara kwa mara, wiki hadi wiki, na nyumbani kuwe na watu wasiomtukana. Mwanzo ni zahanati yetu. Ikibidi, wao watampeleka mbele, Musoma.

Wazazi wawili wamekubali, na Jumanne asubuhi tunakwenda nao na vijana wao. Majina hatuyaandiki, na anayeyajua afunge mdomo. Mwenye pikipiki aliye tayari kuwabeba aandike jina lake chini ya karatasi hii kabla ya Jumapili. Mafuta ni juu ya chama.